Diski Mbili na Sweta la Matroni

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya dada yangu vilivyonibana vidole, nikaingia karakana ya mashine za ofisi pale Sumbawanga na barua ya ajira mkononi. Mkuu wa Karakana alikuwa mtu mfupi mwenye penseli nyuma ya kila sikio. Aliisoma barua, akanitazama, akaisoma tena.

"Binti, wapiga taipu wanaripoti jengo la mbele."

"Shikamoo, Mzee. Sikuja kupiga taipu. Nimekuja kuzitengeneza hizo taipureta."

"Marahaba." Akavuta taipureta moja iliyojaa vumbi, akanisukumia. "Haya, itengeneze."

Nikaitengeneza. Ilinichukua mpaka saa nane mchana, mikono ikawa myeusi kwa wino, nikaibeba mpaka mezani kwake na kumwambia kwa furaha kwamba imepona. Hakunisifu. Alichomoa springi moja kwa makusudi, akazigonga herufi kama mtu anayetwanga, mpaka tatu zikakwama mbele ya macho yangu.

"Usiniambie imepona," akasema. "Nionyeshe. Mashine ya kukabidhi unaiharibu wewe mwenyewe kwanza, hapa kwenye vifaa, kabla haijaharibika huko ambako wewe hupo."

Niliirudia kazi ile mara nne. Nawaambia habari hii mapema, vijana wangu, kwa sababu baada ya miaka mingi nililipuuza somo hilo mara moja tu, na nusura mama mmoja mtu mzima apoteze heshima yake kwa sababu yangu.

Kutoka karakana nilihamishiwa Namanyere, na huko ndiko nilikoiona kompyuta kwa mara ya kwanza. Ilikuwa na chumba chake peke yake, na pazia, na sisi sote tulivua viatu mlangoni. Afisa Mipango, bosi wangu mpya, alisimama nyuma yangu amefunga mikono kama yuko kanisani. "Mama Fundi," akaninong'oneza, "hii haina springi. Utaanzia wapi?" Sikujua. Nilikaa mbele ya kioo kile, ule mstari mdogo ukiwaka na kuzima, ukinisubiri niseme neno, na nywele zikanisimama. Wanangu walidhani mama yao amerogwa, maana hata ugali nilikuwa nausonga huku nikiongea peke yangu.

Kozi nikasoma. Mbeya nilikaa wiki kadhaa nikafundishwa Linux, yaani programu mama ya kompyuta ambayo haiuzwi, na ambayo virusi vya kwenye flash za watu haviisumbui ovyo. Niliporudi nikapata kazi katika hospitali moja ya misheni hapa kwetu Ufipa, ambayo sitaitaja jina. Hapo ndipo nilipofanya kazi mpaka nikastaafu.

Bosi wangu hapo alikuwa Katibu wa Hospitali, msimamizi wa mambo yote ya utawala. Alikuwa mtu wa haki, ila mwenye haraka. Barua ya onyo aliweza kuiandika kabla chai yake haijapoa. Alinipokea kwa kunionyesha chumba cha mafaili, karatasi hadi darini, nyingine zimeliwa na panya.

"Mgonjwa anapanda na lori kutoka Kipili, siku nzima njiani," akasema. "Mwingine ni mfugaji, leo yuko hapa, mwezi ujao amehama na ng'ombe wake, kadi imeshalowa au imepotea. Wakifika tunaanza kuwauliza upya ugonjwa wao. Nataka mashine ambayo haisahau, Mama Fundi. Na nataka isife."

"Isife kabisa, Katibu?"

"Isife."

Sasa, mashine isiyokufa hakuna. Lakini ipo njia, inaitwa RAID. Unachukua diski mbili, zile sahani za chuma zinazotunza kumbukumbu za kompyuta, unaziunganisha ziwe jozi. Kila kinachoandikwa kwenye ya kwanza kinaandikwa papo hapo na kwenye ya pili. Moja ikifa, nyingine inaendelea. Nilipoliona jambo hilo kwa mara ya kwanza kule Mbeya sikuweza kumaliza chakula changu. Nilifikiri, jamani, binadamu gani alikaa akawaza hivi?

Kuweka Linux kwenye diski moja ni kazi ya asubuhi. Kuifanya iamke kutoka kwenye jozi ndiyo kazi yenyewe. Fikirini wenyewe: mashine ikiwashwa inakuwa haijui lolote, hata kwamba diski hizo mbili ni jozi. Maarifa hayo yamo ndani ya jozi yenyewe. Ni kama ufunguo wa nyumba uliofungiwa ndani ya nyumba. Kwa hiyo kwenye kona ya mwanzo kabisa ya diski panawekwa programu ndogo ya kuamshia, inaitwa GRUB. Hiyo inanyanyua kifurushi chenye maarifa machache tu, yanayotosha kuzitambua diski mbili na kuziunganisha, kisha kifurushi kinaikabidhi kazi Linux kamili. Kidogo kinaamsha kikubwa kuliko chenyewe, na hicho kikubwa zaidi. Nimeifanya kazi hiyo miaka na miaka, na bado kila mashine inapoamka mimi hunyamaza.

Nilihangaika siku tatu. Siku ya nne, mchana, seva ikaamka. Seva ndiyo kompyuta kuu inayohudumia zile nyingine zote. Kwenye kioo zikatokea alama ninazozipenda kuliko maua: herufi U mbili ndani ya mabano, maana yake diski zote mbili ziko kazini. Nikapiga vigelegele peke yangu. Watu wakaja mbio, Katibu mbele, na nyuma yake Matroni Oresta.

Matroni alikuwa mkuu wa wauguzi, mama wa Kifipa aliyenizidi umri, aliyezalisha nusu ya watu mnaowaona wakitembea mtaa wa Majengo. Kwenye mfuko wa sare yake hakukosa uzi wa sweta na sindano za kufumia, maana alikuwa akifuma kofia za watoto wachanga. Baridi ya huku kwetu mnaijua. Mwezi wa saba upepo unapita mifupani, na mtoto akizaliwa asubuhi kofia ndiyo nguo yake ya kwanza.

"Na diski moja ikifa?" Katibu akauliza.

"Hatutapoteza kitu," nikajibu, kifua mbele. "Mashine wala haitashtuka."

Matroni aliinama akaweka kiganja nyuma ya seva, pale feni inapotolea hewa. Akakaa hivyo kwa muda.

"Inahema," akasema polepole.

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu hata mimi nilikuwa naisikia hivyo hivyo.

Hapo ndipo ningepaswa kuizima, kuchomoa diski ya kwanza, na kuiwasha mbele yao. Mkuu wa Karakana angenidai hivyo. Lakini niliogopa. Siku tatu nimehangaika, watu wanapiga makofi, halafu niichomoe kwa mikono yangu? Nikasema nitajaribu siku nyingine. Siku hiyo haikuja.

Baridi ilipoingia Matroni alinijia na kitu kilichokunjwa ndani ya kanga. Kilikuwa sweta. Alikuwa amelifuma kwa uzi ule ule wa kofia za wachanga, njano na nyeupe, kwa vipimo vya seva, alivyovichukua kwa mkono kila alipopita. Lilifunika juu, mbele, ubavuni, mpaka nyuma.

"Matroni," nikasema, "mbona umejisumbua? Hii ni mashine."

"Mashine, mashine! Kitu kinachohema hakikai uchi kwenye baridi hii. Na vumbi je? Pokea."

Mlitaka nifanye nini? Kwetu zawadi ya mkubwa unaipokea kwa mikono miwili na kupiga magoti kidogo. Huirudishi, wala huwezi kumwambia amekosea. Na mnajua wenyewe, sisi redio tunaivalisha kitambaa, televisheni kitambaa, hata kochi linavaa. Nikapokea, nikashukuru. Mwanzoni nilikuwa nalivua anapoondoka na kulirudisha nikisikia viatu vyake kwenye korido. Baadaye nikachoka mchezo huo, nikaliacha. Seva ikawa inafanya kazi vizuri tu, na wageni wakawa wanaletwa kuitazama mashine iliyovaa sweta.

Asubuhi moja umeme ulikatika, kama kawaida yake. Betri ikaibeba seva kidogo, ikaisha, seva ikazima. Umeme uliporudi nikabonyeza kitufe. Feni ikaanza, kisha nikasikia tk, tk, tk, kama mtu anayegonga mlango kwa ukucha. Kioo kikabaki cheusi na sentensi moja tu, kwamba hakuna diski ya kuamkia.

Nikarudia. Tk, tk, tk. Huko nje mapokezi wagonjwa walikuwa wamejaa mabenchi mawili, na makarani wanauliza mbona kompyuta zao hazifungui mafaili.

Katibu akaingia. Akanikuta nimepiga magoti, sweta nimelivuta pembeni. Akaweka mkono kwenye bati la seva. Lilikuwa bado la moto, na hiyo ni asubuhi ya baridi.

"Ala! Nani aliifunika mashine mpaka nyuma kwenye feni?"

"Mimi," akajibu Matroni mlangoni. Sauti ilikuwa ndogo. Sijawahi kuisikia sauti ya mama yule ikiwa ndogo.

"Matroni, umeipika mashine! Mafaili ya watu wote yamo humo. Miaka ya kazi!" akasema Katibu. "Naandika barua leo hii, na Bodi ya Hospitali itaambiwa."

Matroni alikuwa amebakiza miezi michache kustaafu. Barua ya namna hiyo mbele ya Bodi ingemaanisha kuondolewa wodini, na kumaliza miaka yake yote ya kazi kwa kutokea mlango wa nyuma, akiitwa mama aliyeua mashine. Hakujitetea. Aliliokota sweta sakafuni, akalikunja vizuri kama nguo ya mtoto, akasema, "Mama Fundi, nisamehe. Mimi sikujua." Kisha akaenda zake.

Na mimi nilinyamaza. Naliandika hilo kwa aibu. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na hofu, na kwa sababu ilikuwa rahisi.

Nikafunga mlango. Nikaichomoa ile diski ya kwanza iliyokuwa ikigonga. Ilikuwa imekufa, na joto ndilo lililoiua, hilo siwezi kukataa. Nikaibakiza ya pili. Nikachomeka flash yenye Linux ya dharura, nikaiamsha mashine kwa hiyo flash, nikaiomba inifungulie diski ya pili. Nilikosea kuandika mara mbili.

Mungu wangu, vyote vilikuwemo.

Majina yote yalikuwemo. Mama wa Kipili na dawa zake za moyo. Mtoto wa mfugaji na chanjo zake, jina lake limeandikwa kwa namna tatu tofauti na zote tatu zimeunganishwa kwenye faili moja. Mpaka yule aliyeandikishwa dakika chache kabla umeme haujakatika. Halikupungua hata neno. Nilipekua zaidi nikagundua jambo lililonifanya niketi chini sakafuni. Diski ya kwanza haikufa asubuhi ile. Ilikuwa imekufa siku kumi na moja kabla. Kwa siku kumi na moja diski ya pili ilikuwa imeibeba hospitali nzima peke yake, makarani wanafungua mafaili, wagonjwa wanaitwa majina, na hakuna aliyejua. Tena ilikuwa imeniandikia! Ndani ya seva kuna sanduku la barua la msimamizi, yaani mimi, ambalo sikuwa nikilifungua. Humo nikakuta taarifa, moja kila asubuhi, zikisema jozi imebaki na diski moja, tafadhali angalia.

Kwa nini basi haikuamka? Nikatazama ile kona ya mwanzo ya diski ya pili. Ilikuwa tupu. Jozi inanakili kila kitu kilicho ndani yake, lakini kona ile iko nje ya jozi. Fundi ndiye anayeweka GRUB hapo kwa mkono wake, diski kwa diski. Mimi nilikuwa nimeiweka kwenye ya kwanza, nikashangilia, nikaondoka. Diski ya pili ilikuwa inajua kila kitu isipokuwa namna ya kuamka.

Kwa hiyo sweta liliua diski moja tu, na diski moja niliahidi mwenyewe, kifua mbele, kwamba tunaweza kuipoteza bila kushtuka. Aliyeizuia mashine isiamke ni mimi. Na hapakuwa na mtu mwingine hospitali nzima ambaye angeweza kulijua hilo.

Nikaandika amri ya kuweka GRUB kwenye diski ya pili. Ni mstari mmoja, vijana wangu. Mstari mmoja! Nikachomoa flash, nikabonyeza kitufe, nikashika mdomo wangu kwa mikono miwili. Kioo kikawa cheusi. Kisha maneno yakaanza kushuka, polepole, halafu kwa kasi, kifurushi kikatafuta jozi, kikakuta diski moja, kikaendelea na hiyo moja. Ndani ya mabano palikuwa na nafasi tupu na herufi U moja. Huko mapokezi nikasikia karani anasema, "Imefunguka!"

Nililia. Nilifuta machozi kwa upindo wa gauni nikaenda moja kwa moja ofisi ya Katibu, kabla ujasiri haujaniishia. Barua ilikuwa mezani, imeshachapwa, bado sahihi tu.

"Imeamka, Katibu. Hakuna kilichopotea."

"Asante Mungu! Mama Fundi, wewe—"

"Subiri kwanza. Hiyo barua ina jina la mtu mwingine. Inatakiwa iwe na langu."

Nikamweleza yote: kona tupu, taarifa ambazo sikuzisoma, siku ambayo sikuijaribu mashine kwa kuogopa. Alinisikiliza amefungua mdomo.

"Na sweta?"

"Sweta nililipokea mimi, nikaliacha mimi. Mwenye kujua kwamba mashine haifunikwi ni nani, Matroni au mimi?"

Akaivuta ile barua kwake. "Unajua nani angegundua haya?" akaniuliza.

"Hakuna."

Aliichana ile barua, akachapa nyingine yenye jina langu, akaisaini. Aliniheshimu, lakini onyo alinipa. Barua hiyo ninayo mpaka leo, imo kwenye bahasha moja na vyeti vyangu, na siionei haya.

Matroni nilimkuta wodi ya wazazi. Nilimwambia mbele ya wauguzi wake wote kwamba kosa lilikuwa langu, ili waliosikia la asubuhi wasikie na hili. Alinitazama, akakaa kitandani, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja, akasema maneno ya Kifipa ambayo mama yangu alikuwa akiniambia nikiwa mtoto mgonjwa. Sitayatafsiri.

Diski mpya ilipofika niliiunganisha, nikamwita aje kuona. Diski ya zamani ikaanza kuisimulia ile mpya kila kitu tangu mwanzo, na kioo kikawa kinaonyesha imefika wapi. Alivuta kiti. Tulikaa pale mchana mzima, mimi na yeye, tukitazama namba zinapanda, yeye akifuma.

"Inamwambia yote?" akauliza.

"Yote, Matroni. Hata ya waliokufa."

Zilipotokea tena herufi U mbili alifanya ishara ya msalaba. Nami nikaweka GRUB kwenye zote mbili, nikachomoa moja, nikawasha. Nikarudisha, nikachomoa nyingine, nikawasha. Tangu siku hiyo sijawahi kukabidhi mashine bila kufanya hivyo.

Aliondoka kazini kwa heshima zake zote, kwa ngoma na keki. Wiki yake ya mwisho aliniletea tena kile kitu ndani ya kanga. Nikaogopa. Kumbe amelifumua nusu na kulifuma upya. Lilikuwa limebaki kofia tu, ya kukinga vumbi la juu, na nyuma yote ameiacha wazi.

"Nimeiachia pua," akasema.

Nimestaafu mwaka huu. Watu huniuliza kama nitaikumbuka kazi, nami nawajibu kwamba ninachokumbuka ni kule kushangaa. Nilianza na springi nikamaliza na vitu visivyoonekana kwa macho, na sijafika siku nikasema, aha, sasa nimevizoea. Kama wewe kijana umevizoea, nakuonea huruma.

Siku ya kuniaga walitaka hotuba. Nikasema hotuba yangu iko chumba cha seva. Wakanifuata, Katibu mpya na watu wake, na Matroni Oresta, mzee sasa, macho yameingia ukungu, ameshikwa mkono na mjukuu wake. Nikaizima seva mbele yao. Nikachomoa diski ya kwanza nikampa Katibu mpya aishike, akabaki ameikodolea macho.

"Mama Fundi, una uhakika?"

"Usiniulize. Tazama."

Nikabonyeza kitufe. Kioo kikawa cheusi, kisha maneno yakaanza kushuka. Matroni hakuweza kuona kioo. Alipapasa mpaka akaipata seva, akapitisha mkono chini ya kofia ya njano na nyeupe, akaweka kiganja pale nyuma alipopaacha wazi, akasubiri.

"Inahema," akatuambia.